Biti Haina Masikio

Bendi yetu ilikuwa na watu saba. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada inapofunguliwa mpaka sikukuu za mwaka mpya, tulikuwa hatulali: leo Masasi, kesho Newala, keshokutwa harusi Tandahimba, vyombo juu ya fuso na sisi juu ya vyombo. Msimu ukipita, hela nayo inapita. Ikifika Machi, mwenye baa wa hapa Mtwara mjini anakuonyesha viti vyake kwa mkono: viti arobaini, nusu vina watu, na kila mtu ana chupa moja anayoivuta saa mbili. Watu saba atawalipa nini? Mwenye baa mmoja aliniambia kwa heshima kabisa, "Kaka, wewe njoo na gitaa lako tu. Siwakatai wenzako, ila sina cha kuwapa."

Nilikataa miaka miwili. Kisha mpiga besi akahamia Dar, mpiga kinanda akapata kazi Songea, mwimbaji wetu wa kike akaolewa na mumewe hakutaka habari za muziki wa usiku. Nikabaki na gitaa, maiki moja na ada za watoto wawili. Nikaanza kupiga peke yangu kwa biti, yaani muziki uliorekodiwa tayari unaotoka kwenye spika huku mimi naimba na kupiga gitaa juu yake.

Vijana wananifuata siku hizi, hasa wenye sauti nzuri wasio na bendi, wananiuliza inakuwaje mtu mmoja aimbe kwa biti na watu wasiondoke. Inawezekana. Mimi nimekwishaumia kwa kujifunza, na naandika haya ili wao waumie kidogo.

Biti zangu za kwanza nilizinunua kwa kijana mwenye studio. Alinijazia kwenye flashi nyimbo thelathini za zilipendwa zilizotengenezwa upya kwa kompyuta, drams za mashine, kinanda kikiigiza trampeti, kila kitu ndani. Nikazihamishia kwenye simu, nikatafuta waya, nikaenda kupiga Mikindani, sehemu ndogo karibu na ufukwe, meza kumi na mbili.

Nyimbo mbili zilikwenda vizuri. Wa tatu ulipoingia kwenye sebene, ile sehemu ya kucheza baada ya beti, mama mmoja wa makamo aliinuka. Alijifunga kanga kiunoni sawasawa, akaanza kuja mbele taratibu, wenzake wanapiga vigelegele. Nikamwona anafungua pochi, anatoa noti, anaiinua juu ili watu waione kabla hajaja kunitunza. Kila mpiga muziki anaijua hiyo hatua. Ndiyo kilele cha usiku wa mtu, na wewe kazi yako ni kumbeba mpaka afike, acheze mbele yako, arudi kwenye kiti chake akiwa malkia.

Biti ikakata.

Iliisha kwa sababu ilifika dakika ya nne na sekunde kumi, basi. Mama wa watu alikuwa katikati ya ukumbi, mkono uko juu, kiuno kimesimama. Nilijaribu kuendelea na gitaa peke yake lakini mwili wake ulikwishapoa. Aliniwekea ile noti kwenye kiti kwa adabu, akarudi kukaa, na hakuinuka tena usiku ule. Nimepigiwa makofi sehemu nyingi nikayasahau. Ule mkono wake sijausahau.

Kwenye bendi lile jambo haliwezi kutokea. Mpiga tumba wetu, nitamwita Mzee kwa sababu ndivyo tulivyomwita wote, alikuwa hatazami ngozi ya ngoma hata mara moja. Alikuwa anatazama miguu ya watu. Mtu akitoa tu kisigino nje ya meza, Mzee keshajua anainuka, na tumba inabadilika kumwita. Tungeizungusha sebene mara kumi, mara ishirini, mpaka yeye aone mchezaji ametosheka, ndipo anapiga ule mpigo wa kututoa. Biti haioni miguu ya mtu. Haina macho, haina masikio. Imeshajua itaisha lini kabla wewe hujafika ukumbini.

Kwa hiyo swali langu likawa moja: nitaipaje masikio?

Nilianza kwa kuzikata. Kila wimbo sasa una vipande vitatu. Cha kwanza ni mwanzo mpaka ubeti wa mwisho. Cha pili ni mzunguko mmoja wa sebene, baa nane (baa za muziki, yaani mafungu ya mapigo, si baa za pombe), ambao unajirudia wenyewe hadi niuambie basi. Cha tatu ni kifungo, pale mnapofunga wote kwa pamoja. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, baa nane za mapigo manne manne ni sekunde 16 kamili. Nikiuachia uzunguke mara mbili au mara ishirini, ni mimi na watu walio mbele yangu tunaoamua.

Hapo nilikutana na kitu ambacho hakuna aliyenionya. Mzunguko wangu ulikuwa unajikwaa. Kila ukifika mwisho na kurudi mwanzo, kulikuwa na kauwazi kadogo, kama mtu anayechechemea. Nikakata upya, nikakata tena, nikadhani mkono wangu hauna shabaha. Kumbe tatizo ni faili la MP3. Sauti inapobanwa kuwa MP3, kompyuta huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa faili. Ukisikiliza wimbo mzima huwezi kuugundua, lakini ukiurudisha mzunguko, ule ukimya unasikika kila mara, na mchezaji anausikia kwa mguu kabla hajausikia kwa sikio. Tumia WAV, faili la sauti isiyobanwa. Ni kubwa, karibu megabaiti 10 kwa dakika moja, lakini inarudi mwanzo bila kujikwaa. Mizunguko yangu yote ni WAV hadi leo.

Simu haikufaa tena. Huwezi kupiga solo huku unatafuta kitufe kwa kidole gumba. Nilipata laptop kuukuu, nikaweka Ableton Live, programu ya kupigia muziki, na kitufe cha kukanyaga kwa mguu. Uzuri wake ni kwamba ukikanyaga katikati ya baa, programu haikurupuki. Inangoja baa iishe, ndipo inahamia kipande kinachofuata, kwa hiyo mguu wangu ukichelewa au kuwahi kidogo, muziki hauvunjiki. Asiye na uwezo wa laptop aweke sebene ndefu ya dakika sita au saba kwenye simu, kisha aipunguze sauti kwa mkono kwenye miksa akitaka kumaliza. Si kifungo kizuri, lakini hutamwacha mtu na mkono hewani.

Jambo la pili lilikuwa kutoa vitu. Biti niliyonunua ilikuwa imeshiba: gitaa la solo limo, la ridhimu, lile la kushikilia mwendo, limo, waitikiaji wamo. Sasa wewe uliyesimama pale na gitaa shingoni unafanya nini? Nilitoa solo na ridhimu zote, hizo ni kazi yangu. Kinanda nikakibakisha kidogo, nyuma. Drams, tumba na besi zikabaki.

Waitikiaji sikuwatoa mapema, na hilo lilinifunza Lindi. Nilikuwa nimerekodi sauti yangu mwenyewe mara tatu nikiitikia, kwa sauti tofauti, nikaziweka kwenye biti. Zilitoka tamu sana, nilijisifu moyoni. Nikaitwa kupiga kwenye hafla ndogo ya familia pale Lindi mjini, mzee wao anaagwa kazini. Mstaafu mwenyewe alikaa kiti cha mbele kabisa. Kiitikio kilipoingia alinitazama, akatazama spika, akageuka kuangalia mlango wa nyuma. Wimbo ulipoisha akaniita karibu.

"Mwanangu, huyo anayekuitikia yuko wapi? Mwite basi naye ale."

Nikamweleza kwamba ni mimi mwenyewe, nimerekodi. Akasema, "Ahaa," akanishika bega. Hakunikaripia. Lakini nilijisikia nimemdanganya mtu mzima mbele ya wajukuu zake. Drams za kurekodi watu wanazielewa, wanaona nipo mmoja. Sauti ya mtu ni jambo jingine. Ukisikia sauti ya mtu unamtafuta mtu. Nilizifuta usiku ule ule nikiwa nyumba ya wageni, kabla sijalala, na tangu hapo hakuna sauti ya binadamu kwenye biti zangu. Kiitikio ni cha waliokaa. Wakiwa hawakijui, nawafundisha kabla, mstari mmoja tu, na wakinyamaza, gitaa linaitikia. Watu wetu huku wamekulia kwenye ngoma ambako mmoja anaanzisha na wote wanapokea. Ukiwaachia nafasi wanaijaza wenyewe. Ukiijaza wewe, watakaa kimya wakutazame kama wanavyotazama televisheni.

Na wale wanaoweka hata sauti ya kuongoza kwenye biti halafu wanachezesha midomo, sina la kuwaambia isipokuwa waache. Mtu ametoka Chikongola na bajaji usiku kuja kukusikia, msikilizishe koo lako, hata likiwa limekauka.

Sasa mitambo. Sehemu ndogo nyingi za huku zina kuta za saruji, bati juu bila dari, na spika moja au mbili za mwenye baa ambazo hujui zimefungwaje. Kuna usiku Shangani nilipiga nusu saa nzima bila kujua kwamba kinanda hakisikiki. Biti yangu ilikuwa ya pande mbili, kinanda upande wa kulia, na miksa ya pale ilikuwa inapokea waya wa kushoto tu. Mteja ndiye aliyeniambia muziki "umekonda". Siku hizi natengeneza kila kitu upande mmoja, mono, waya wowote utakaofanya kazi unabeba muziki wote. Katika chumba cha meza kumi na mbili hakuna anayekaa katikati ya spika mbili kufaidi kushoto na kulia.

Besi inahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Spika ikiwekwa kwenye kona, kuta mbili zinaikuza besi mpaka inameza maneno yote. Ivute itoke kwenye kona, kisha punguza besi kwenye miksa kuliko unavyodhani inafaa. Maiki usiielekeze kwenye spika, itapiga mluzi. Na ukijaribu sauti jioni ukumbi ukiwa mtupu, kumbuka miili ya watu inakula sauti kali za juu, watu wakijaa utaongeza kidogo. Kipimo changu ni mhudumu. Nikimsikia akiita oda kutoka kaunta huku napiga, sauti ni ya kutosha. Nisipomsikia, nimezidisha, na mwenye baa atakuwa anapoteza mauzo kwa sababu yangu.

Jambo jingine, nyimbo zote ziwe na ujazo mmoja wa sauti. Biti za studio tofauti, hii inanong'ona, inayofuata inapasua spika. Kaa siku moja na hedifoni, zilinganishe zote kwa sikio.

Kama bado unatumia simu, toa laini kabisa. Kuweka hali ya ndegeni kunatosha, lakini siku moja utasahau, na shangazi atapiga katikati ya ubeti, mlio wake utoke kwenye spika za ukumbi mzima. Usichaji huku unapiga, chaja za bei rahisi zinaleta muungurumo. Na umeme ukikatika, kitu cha kwanza ni kusimamisha biti. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza. Giza liliingia, nikaendelea kuimba kwa mdomo na watu wakanisaidia, ilipendeza mno. Umeme ukarudi baada ya dakika mbili. Simu ina betri yake, ilikuwa inaendelea kimyakimya muda wote huo, na spika zilipopata uhai zikatoa ubeti wa mwisho juu yetu tuliokuwa wa pili.

Haya yote yangeweza kunifikisha mahali pazuri, lakini drams za mashine ziliendelea kunikera. Zilikuwa sahihi, na hazikuwa za huku. Sebene ya bendi haikai mwendo mmoja, wimbo unatembea kwa mapigo 112, ukifunguka unakuwa 118 bila mtu kusema neno. Nikaenda kumwona Mzee, yule mpiga tumba wetu, Magomeni ya hapa Mtwara, anakoishi. Tulikuwa hatujaonana karibu mwaka, na nilijua alisikia kwamba napiga na simu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo unataka kunitia kwenye chupa."

Nilimwambia nataka mkono wake uwepo hata kama yeye amelala. Alinyamaza muda. Akauliza nitamlipa vipi. Lilikuwa swali la haki, nami nilikuja na jibu. Ningemlipa siku ya kurekodi, na juu ya hapo, kila nikipiga mahali na tumba yake ikasikika, ana sehemu yake. Nilikuwa nimeisoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Hakishiriki maana yake ni kwamba si mtunzi peke yake anayelindwa. Aliyepiga naye ana haki yake katika ule upigaji, na aliyetengeneza rekodi vilevile. Wapigaji wengi wa rika la Mzee walirekodi ujana wao wote wakaondoka na nauli. Sikutaka kuwa mtu mwingine wa namna hiyo katika maisha yake.

Tulirekodi chumbani kwake usiku, bajaji zikishapungua barabarani. Tuliegemeza godoro dirishani. Nikamwomba mama wa pale nyumbani achomoe friji, maana maiki ilikuwa inasikia ule mngurumo kuliko sisi. Niliweka metronomu, ule mlio wa kuhesabu mapigo, kwenye hedifoni, Mzee akaivua baada ya baa nne. "Hiyo inanigombeza," akasema. Nikaacha. Nikapiga ridhimu mbele yake, gitaa kavu bila umeme, taratibu, ili lisiingie sana kwenye maiki, naye akafunga macho akapiga. Hakuwa na miguu ya kutazama, basi akawa anatazama mkono wangu wa kulia. Tulirudia kila wimbo mara tano, sita. Ngozi ya tumba ndogo ilikuwa inalegea kwa unyevu wa usiku, akawa anaiota juu ya jiko la mkaa kila baada ya nyimbo mbili, anaigonga kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni kidogo, anagonga tena.

Nyumbani nilikaa wiki nzima natafuta ndani ya dakika kumi za sebene zile baa nane ambazo mwisho wake unakubali kurudi mwanzo wake. Bila metronomu ni kazi ngumu, mikono ya mtu haifanani mara mbili. Zipo, lakini. Ukizipata unajua, kwa sababu unajikuta umetikisa kichwa mizunguko sita bila kukumbuka kwamba ulikuwa unafanya kazi. Kompyuta niliiamuru ifuate mwendo wa Mzee, si Mzee afuate mwendo wa kompyuta. Mpiga besi akanirekodia sehemu zake huko Dar, akanitumia. Naye ana fungu lake.

Hesabu zake ni ndogo. Usiku wa kawaida usio wa msimu nalipwa 70,000 na tuzo za watu. Mzee anapata 10,000, mpiga besi 10,000. Wapo walioniambia ni upuuzi kumlipa mtu ambaye hakutoka nyumbani kwake. Mimi nikiwa pale mbele nazisikia zile tumba nyuma yangu, na najua ni nani.

Ijumaa iliyopita nilipiga tena Mikindani, si pale pa mwanzo, jirani yake. Jumamosi asubuhi nikamtumia Mzee hela yake kwenye simu. Haikupita dakika tano akanipigia.

"Imefika. Ahsante, mwanangu. Jana tulipigaje?"

Nikamwambia watu walikuwa wachache mwanzoni, mvua, kisha wakajaa. Nikamwambia kulikuwa na mama mmoja wa Msangamkuu, ng'ambo ya maji, amevuka na wenzake mchana, aliinuka kwenye wimbo wa tano.

"Alianza na mguu gani?"

"Wa kushoto, Mzee."

"Mmh. Huyo mchezaji. Ukaizungusha mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Akakaa kimya, nadhani anahesabu. "Ungemwongeza mbili," akasema.